Mgeni Gramu Kumi na Tano

Ukutani, nyuma ya kaunta, palikuwa na bango lenye mistari miwili. Mkazi wa Illinois: gramu 30. Asiye mkazi: gramu 15. Nilisimama mbele ya bango hilo Jumamosi moja ya mwezi Oktoba 2023, pasi yangu ya Tanzania ikiwa mfukoni, nikalisoma mara tatu kama mwanafunzi asomavyo swali la mtihani ambalo ana hakika limekosewa. Nilikuwa nautafuta mstari wa tatu. Haukuwapo.

Ndugu wasomaji, mmezoea kunisoma nikiandika kuhusu katiba, chaguzi na bajeti. Leo niwieni radhi niwapeleke kwenye duka la bangi. Sikwenda huko kununua kwa ajili yangu, wala sijapata kuivuta katika maisha yangu. Nilikwenda kwa sababu ya kaka yangu, na nimekaa na kisa hiki muda mrefu kabla ya kukiandika, kwa kuwa ndani yake kuna kosa langu.

Kaka ninayemsema ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Aliondoka nyumbani mwaka 1996, akaishi Indianapolis, akafanya kazi ya ghalani usiku na kusomesha watoto wake mchana. Nilipopata nafasi ya kufundisha muhula mmoja katika chuo kimoja cha Indiana, yeye ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akiwa amekonda kiasi kwamba nilimpita bila kumtambua. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Alikwisha kufanyiwa upasuaji na sasa alikuwa katikati ya tiba ya kemikali, awamu ya nne kati ya nane. Wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitamani sana methali ile iwe kweli.

Aliyemuuguza Kaka anajua kuwa kilichokuwa kikimmaliza hakikuwa ugonjwa pekee. Ilikuwa kichefuchefu. Siku tatu baada ya kila dripu alikuwa hawezi kuweka kitu tumboni, hata maji ya ndimu. Dawa za kuzuia kutapika alizopewa zilimsaidia siku ya kwanza, kisha zikashindwa. Binti yake, mwenye umri wa miaka 26, mzaliwa wa Indianapolis, ndiye aliyekuja na wazo. Wagonjwa wenzake baba yake walimwambia kuwa bangi huwarudishia hamu ya kula. Indiana ni marufuku, hata kwa mgonjwa. Kukutwa nayo kidogo tu kunaweza kukuletea kifungo cha hadi siku 180. Lakini Illinois, jimbo jirani, inauzwa dukani mchana kweupe.

Mpango wake ulikuwa wa mtu mwangalifu, na ninataka msomaji aliweke hilo akilini. Hakukusudia kuvusha chochote kurudi Indiana. Tungekwenda Danville, mji ulio ng'ambo kidogo tu ya mpaka, anunue pipi laini zilizotiwa bangi, kwa kuwa baba yake asingeweza kuvuta. Kisha tungeendelea mwendo wa kama nusu saa hadi Urbana, nyumbani kwa rafiki wa familia, Mtanzania mwenzetu. Huko Kaka angekula kipande kimoja ndani ya nyumba ya mtu, alale, na Jumapili tungerudi mikono mitupu. Sheria ya Indiana isingeguswa. Sheria ya Illinois ingefuatwa neno kwa neno.

Tuliondoka asubuhi, mimi nikiwa kiti cha mbele, Kaka amejinyoosha kiti cha nyuma na blanketi magotini. Barabara kuu namba 74 inakwenda magharibi katikati ya mashamba ya mahindi na soya ambayo msimu ule yalikuwa yamekwisha kukauka. Tukavuka Mto Wabash, na dakika chache baadaye tukaingia Illinois. Simu zetu zikarudi nyuma saa moja zenyewe, kwa kuwa mpaka ule wa majimbo ni mpaka wa majira pia: saa nne ikawa saa tatu. Kaka akacheka kule nyuma. Akasema laiti na dripu ingerudi hivyo.

Hapa nieleze kidogo namna nchi ile ilivyojifunga na kujifungua. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa, pamoja na heroini, na tulipokuwa njiani siku ile bado ilikuwa hapo. Hata hivyo majimbo, moja baada ya jingine, yameamua vingine. Colorado na Washington yalitangulia kwa kura ya wananchi mwaka 2012. Illinois ilipitisha sheria yake bungeni mwaka 2019, na mauzo yakaanza tarehe 1 Januari 2020. Mkesha wa siku hiyo gavana wa jimbo, J.B. Pritzker, alitoa msamaha kwa watu 11,017 waliokuwa na hatia ndogo za bangi. Matokeo yake ni kwamba kitu kilekile, siku ileile, ni bidhaa yenye risiti kwa macho ya jimbo na ni jinai kwa macho ya serikali kuu. Raia anaishi baina ya macho hayo mawili bila taabu kubwa, kwa sababu serikali kuu haina kawaida ya kumfuata mteja mmoja mmoja dukani.

Maegesho ya duka yalikuwa yamejaa, na magari mengi yalikuwa na namba za Indiana. Kaka alibaki garini. Mimi na binti yake tukaenda mlangoni. Mlinzi, kijana mpole, akatazama kitambulisho cha binti kuhakikisha kuwa ametimiza miaka 21, kisha akanyoosha mkono kwangu. Nikampa pasi. Akaigeuza, akatafuta tarehe ya kuzaliwa, akanirudishia na kunikaribisha. Kwake yeye mimi nilikuwa mtu wa makamo mwenye umri uliozidi 21, basi.

Ndani palifanana na duka la simu kuliko kitu chochote nilichopata kukisikia kuhusu bangi. Sakafu iling'aa. Bidhaa zilikuwa ndani ya vioo. Mama mmoja mzee wa Kizungu mwenye mkongojo alikuwa anauliza kipi kinafaa kwa maumivu ya nyonga. Pembeni palikuwa na mashine ya kutolea fedha taslimu, maana mabenki na kampuni za kadi za mkopo, kwa kuihofia serikali kuu, hukwepa biashara hii. Binti akachagua pakiti moja ya pipi kumi, kila moja ikiwa na miligramu 10 za kiini kileweshacho, jumla 100, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa pakiti katika jimbo lile. Risiti ilionesha kodi maalumu ya asilimia 20 kwa bidhaa za kula, kisha kodi nyingine za kawaida juu yake. Ilikuwa biashara safi, na serikali ya jimbo ilikuwa imechukua chake.

"Na wewe, bwana, nikupatie nini?" muuzaji akaniuliza.

Nikamwambia nimemsindikiza mwanangu tu. Akanionesha bango kwa kidole, kwa ukarimu kabisa, akieleza kuwa hata wageni wanaruhusiwa, ila nusu ya wenyeji. Ndipo niliposimama kulitafuta jibu la swali ambalo bango halikuliuliza: je, mgeni wa namna gani?

Maana "asiye mkazi" pale ni mtu kutoka Indiana au Wisconsin. Mgeni mwenye viza yuko chini ya sheria ya uhamiaji, na uhamiaji ni jambo la serikali kuu. Sheria hiyo haijali duka lilikuwa na leseni au la. Asiye raia akikiri tu kwamba ametenda jambo ambalo ni kosa la dawa za kulevya, hata bila kukamatwa wala kushtakiwa, anaweza kuzuiwa kuingia tena nchini. Hata Rais Joe Biden alipotoa msamaha wake mkubwa mwezi Oktoba 2022 kwa waliokutwa na bangi chini ya sheria ya serikali kuu, aliutoa kwa raia na wakazi wa kudumu. Mtu kama mimi hakutajwa. Haki yangu katika duka lile ilikuwa gramu sifuri, nami nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyelijua hilo.

Nimesema nilijua. Nilijua tangu mwezi Agosti. Siku ya kutukaribisha wahadhiri na wanafunzi wa kigeni, ofisa mmoja alituambia waziwazi kuwa sheria za majimbo kuhusu bangi hazitukingi sisi, na kwamba mkazi wa kudumu anayeomba uraia naye yumo katika hatari hiyo. Niliandika maneno hayo katika daftari langu. Na Kaka, baada ya miaka mingi ya kuhangaikia makaratasi, alikuwa mkazi wa kudumu aliyekwisha kuwasilisha ombi la uraia na kusubiri siku ya mahojiano.

Kwa nini basi nilinyamaza kilomita zote zile? Nimejijibu mara nyingi. Jibu la kwanza ni kwamba nilijiambia mtu aliyeishi huku miaka 27 hawezi kufundishwa na mgeni wa miezi miwili. Jibu la pili ndilo la kweli zaidi: nilitaka kuliona duka. Mimi ni mtafiti, na udadisi wangu ulikuwa umekwisha kuandika nusu ya makala hii kabla hatujafika Danville. Ningesema neno lile Indianapolis, safari ingekufa sebuleni.

Tuliporudi garini Kaka aliipokea pakiti, akavaa miwani, akaisoma yote, mbele na nyuma, pamoja na onyo la serikali. Kisha akaniita.

"Mdogo wangu, wewe ndiye daktari wa makaratasi. Hiki kitu hakina shida kwangu?"

Sikuweza tena kunyamaza. Nikamweleza kuwa mwezi Aprili 2019 idara ya uhamiaji na uraia ilitoa mwongozo unaosema kuwa matumizi ya bangi, hata yaliyohalalishwa na jimbo, yanaweza kumwondolea mwombaji sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa na sheria. Nikamweleza kuhusu fomu ya uraia, ambayo huuliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo. Nikamweleza pia kuwa upenyo upo: kosa moja tu la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 halimfungii mtu mlango huo. Lakini sisi hatukuja kwa ajili ya siku moja. Zilibaki awamu nne.

Binti yake akageuka kutoka usukani. "Baba, hakuna atakayekuuliza."

"Wataniuliza, mwanangu," Kaka akajibu taratibu. "Wataniuliza nikiwa nimenyanyua mkono wa kuume."

Akavua miwani, akamrudishia pakiti. Mama yake, yaani mama yangu mkubwa, alikuwa hai nyumbani, na Kaka alipanga kwenda kumwona akiwa na pasi ambayo hakuna ofisa wa mpakani angeitilia shaka. Kwa ajili ya kitabu hicho kidogo alikuwa tayari kutapika mara nne zaidi.

Binti akashuka bila kusema, akaelekea upande wa duka, akarudi mikono mitupu. Sikumuuliza ameipeleka wapi. Alipoketi alinitazama mimi, si baba yake.

"Baba Mdogo, ungeniambia Indianapolis."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu kwa miezi mingi. Hatukwenda Urbana. Tuligeuza, saa tatu na ushee ikawa saa nne na ushee tulipovuka mpaka, na kabla ya kuufikia Wabash Kaka aliomba gari lisimame. Nilimshika mabega pembeni ya barabara huku malori yakitupita, na mgongo wake chini ya mkono wangu ulikuwa kama ubao wa kufulia.

Juma lililofuata binti alimweleza daktari yote, bila kuficha. Daktari hakushangaa. Akaandika vidonge vya dawa iitwayo dronabinol. Nikaisoma habari yake usiku ule hadi macho yakauma. Dronabinol ni kiini kilekile kileweshacho cha bangi, ila kimetengenezwa maabara. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiidhinisha tangu mwaka 1985 kwa ajili ya kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani, na tangu 1999 imo daraja la tatu, mbali na heroini. Inauzwa katika duka la dawa mtaani kwao, Indiana, jimbo lisiloruhusu hata jani moja. Bima ililipa sehemu. Vidonge vilimsaidia kiasi: akaanza kunywa uji siku ya pili badala ya siku ya nne. Hakuna fomu ambayo ingemdai akiri kitu.

Kemikali ni moja. Mikononi mwa kampuni ya dawa na kwa karatasi ya daktari, ni tiba katika majimbo yote. Katika duka la Danville ni bidhaa kwa mkazi, nusu yake kwa jirani, na tanzi kwa mgeni. Mikononi mwa kijana mweusi asiye na karatasi yoyote, kwa miaka mingi ilikuwa pingu: utafiti wa shirika la kutetea haki la ACLU uliotolewa mwaka 2020 ulionesha kuwa Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu na nusu kuliko mweupe wa kukamatwa kwa bangi, ilhali viwango vyao vya kuitumia vinakaribiana. Mji uleule wa Danville una gereza la jimbo.

Sisemi haya ili tuwacheke Wamarekani. Kwetu nilisoma darasa moja na kijana ambaye baadaye alikamatwa na misokoto miwili mfukoni. Alifungwa, akatoka, na mpaka leo hakuna ajira rasmi iliyomkubali. Chini ya sheria yetu ya mwaka 2015 na marekebisho yake, mahakama zetu hutoa kifungo cha miaka 30 kwa kusafirisha bangi, na mashamba ya Tarime na Arumeru hufyekwa na kuteketezwa mbele ya kamera. Wakati huohuo upepo unageuka barani. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017. Malawi ikatunga sheria yake mwaka 2020. Rwanda, mwaka 2021, ikaruhusu kilimo chake kwa ajili ya kuuza nje, huku matumizi ya ndani yakibaki kosa. Siku moja mjadala huo utafika Dodoma, na wataalamu watakuja na takwimu za mapato.

Sina hakika nitaunga mkono upande gani. Nimeona bangi ikiharibu akili za vijana wenye vipaji, na nimemwona Kaka pembeni ya barabara. Lakini najua nitakachouliza. Nitauliza leseni ni za nani, na yule mkulima wa mlimani ambaye shamba lake lilifyekwa jana ataandikwa katika mstari upi wa bango. Nitauliza kama wale walio gerezani watafunguliwa kabla duka la kwanza halijafunguliwa, kama Illinois ilivyojitahidi kufanya japo kwa baadhi yao. Nchi inaweza kuhalalisha mmea asubuhi na kuwaacha watu walewale nje ya mlango hadi jioni.

Nilirudi nyumbani mwezi Desemba. Binti hakuja uwanja wa ndege kuniaga, na sikumlaumu. Kaka alimaliza awamu zake nane. Mwezi Juni mwaka uliofuata simu yangu iliita usiku wa manane, nami nikaipokea nikitetemeka, kama sote tupokeavyo simu za mbali za saa zile.

"Mdogo wangu," sauti yake ilikuwa imerudi unene wake wa zamani, "nimeapa leo. Sasa mimi ni mgeni halali kabisa wa Illinois. Gramu kumi na tano!"

Akacheka hadi akapaliwa. Nami nikacheka, nikamuuliza atakwenda lini kuzichukua. Akasema hana haja nazo; anachotaka sasa ni ndizi za mama yake, na tiketi amekwisha kukata. Kisha nikasikia simu ikibadilishana mikono, na kimya kifupi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.